Gurudumu Halijui Spidi, Linajua Mizunguko

Maneno haya yalisemwa mbele ya mafundi wa gereji, madereva na vijana wa vyuo vya ufundi. Tumeyaweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro ya ubaoni tumeiacha, lakini hesabu zake zimo.

Ndugu mafundi, ndugu madereva, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi, habari za asubuhi.

Tuanze na swali. Gari liko barabarani, mshale wa dashibodi umesimama kwenye 80. Nani amemwambia huo mshale kwamba gari linakwenda 80? Barabara haikusema. Injini haikusema. Aliyesema ni gurudumu. Na gurudumu lenyewe, ndugu zangu, halijui spidi hata kidogo. Linajua jambo moja tu: limezunguka mara ngapi.

Kilichobaki kilifanywa na mtu kiwandani. Alichukua idadi ya mizunguko, akaizidisha kwa urefu wa mzingo wa tairi, akapata umbali. Umbali akaugawa kwa muda, akapata spidi. Mzingo ule aliouweka siku ile ndio mshale unaouamini mpaka leo. Wewe ukifunga tairi lingine lenye mzingo mwingine, mshale hauna habari. Unaendelea kuhesabu kwa tairi ambalo halipo tena kwenye gari.

Hesabu hii ni ya kale. Miaka elfu mbili iliyopita, mhandisi wa Kirumi aitwaye Vitruvius alieleza gari la kupimia barabara. Gurudumu lake lilikuwa na kipenyo cha futi nne hivi, na kila likizunguka mara moja gari lilisogea futi 12 na nusu. Ndani kulikuwa na meno 400. Kila mzunguko wa gurudumu ulisogeza jino moja. Meno yote 400 yakiisha, gari limekwenda futi 5,000, ambazo ni maili moja ya Kirumi, na hapo kijiwe kimoja kilidondoka kwenye chombo. Jioni unahesabu vijiwe. Hakuna betri, hakuna kompyuta, na mantiki yake ndiyo hiyo hiyo iliyoko ndani ya gari lako.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe. Mnayo spidi, mnataka kujua gurudumu linazunguka mara ngapi kwa dakika. Hatua ni tatu.

Kwanza, geuza kilomita kwa saa ziwe mita kwa sekunde. Gawa kwa 3.6. Gari linalokwenda 90 linasogea mita 25 kila sekunde.

Pili, gawa mita hizo kwa mzingo wa tairi. Tairi la 195/65R15, ambalo mmelifunga na kulifungua mara nyingi kwenye Premio na Allion, lina mzingo wa kama mita 1.935 likiwa linabingirika chini ya gari. Gawa 25 kwa 1.935, unapata mizunguko 12.9 kwa sekunde.

Tatu, zidisha kwa 60. Unapata 775 kwa dakika.

Wapo watakaosema hatua tatu ni nyingi mbele ya mteja. Sawa. Basi shikeni namba moja: 60. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linamaliza kilomita moja kila dakika. Kwa hiyo, kwenye spidi ya 60, mizunguko kwa dakika ni sawasawa na mizunguko kwa kilomita. Chukua mita 1,000, gawa kwa mzingo, umemaliza. Tairi letu: 1,000 kwa 1.935 ni 517. Kwenye 60 linazunguka mara 517 kwa dakika. Kwenye 120 ni mara mbili yake, 1,034. Kwenye 30 ni nusu. Kwenye 90 ni moja na nusu, ile 775 tuliyoipata sasa hivi. Ukiujua mzingo wa tairi, hiyo 60 inakupa spidi nyingine zote.

Lakini mzingo unaujuaje? Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoharibu.

Kosa la kwanza ni kuisoma herufi R kama nusu kipenyo. Mtu anaona R15, anasema nusu kipenyo ni inchi 15. Hapana. R inaeleza namna nyuzi zilivyopangwa ndani ya tairi, tairi la radiali. Hiyo 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tena ni cha rimu peke yake, tairi halimo. Anayechukua 15 kama nusu kipenyo cha tairi anapata gurudumu la trekta. Anayechukua 15 kama kipenyo cha tairi zima anapata gurudumu dogo kuliko lilivyo kwa zaidi ya theluthi moja.

Sasa someni vizuri. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: ukuta wa tairi una kimo cha asilimia 65 ya huo upana. Asilimia 65 ya 195 ni milimita 126.75. Ukuta uko juu na uko chini, kwa hiyo zidisha mara mbili: 253.5. Rimu ya inchi 15 ukizidisha kwa 25.4 ni milimita 381. Jumlisha: kipenyo ni milimita 634.5.

Mwanafunzi mzuri atazidisha kwa pai, 3.1416, apate mita 1.993. Atafurahi. Lakini mimi nilisema 1.935. Tofauti ya asilimia tatu imetoka wapi?

Imetoka kwenye uzito wa gari. Tairi lililoning'inia kwenye jeki ni duara. Tairi lililobeba gari limebonyea chini. Kwa hiyo katika kila mzunguko gari linasogea pungufu kidogo ya mzingo wa lile duara. Wanaoweka viwango vya matairi Ulaya wanalijua hilo, ndiyo maana kwa tairi la radiali hawatumii 3.14, wanatumia 3.05 mara kipenyo. Zidisha 634.5 kwa 3.05, utaipata 1,935.

Kuna fundi mwingine, mwerevu zaidi, anayesema: basi nitapima kutoka katikati ya ekseli hadi chini, gari likiwa limesimama na uzito wake. Tuseme anapata sentimita 29.5. Anazidisha kwa mbili, kisha kwa pai, anapata mita 1.854. Huyu naye amekosa, tena amekosa kuliko yule wa kwanza, ila upande wa pili. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya tairi la radiali kuna mkanda wa waya wa chuma, na mkanda huo haufupiki kirahisi. Tairi limebonyea pale chini, ndiyo, lakini mkanda mzima bado lazima upite chini katika kila mzunguko, kama mnyororo wa tingatinga. Kwa hiyo mzingo wa kubingirika unakaa katikati: mdogo kuliko wa duara, mkubwa kuliko ule wa kimo cha ekseli.

Je, ipo njia isiyo na ubishi huu wote? Ipo. Chaki.

Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, asubuhi tairi likiwa baridi. Weka gari mahali pa sakafu tambarare, na mzigo wake wa kawaida, angalau dereva awe ndani. Chora mstari kwenye ukuta wa tairi pale linapogusa chini, na mstari mwingine sakafuni sambamba nao. Sukuma gari polepole, limenyooka, usukani usiguswe. Hesabu mizunguko kumi. Mstari wa tairi ukirudi chini mara ya kumi, chora sakafuni. Pima kwa futikamba, gawa kwa kumi.

Kwa nini kumi, kwa nini isiwe mmoja? Kwa sababu jicho lako linaweza kukosa sentimita moja. Sentimita moja ndani ya mita mbili ni nusu asilimia. Sentimita hiyo hiyo ndani ya mita 20 ni sehemu ya kumi ya hapo. Sukuma. Usitumie injini kwa kazi hii, maana gurudumu linalovuta huteleza kidogo hata pale usipoona.

Jambo la pili ninalotaka tulione ni hili: tairi likibadilika, ni nini na nini vinadanganywa?

Chukulieni dereva wa teksi. Barabara ya mtaani kwake ni mashimo matupu, gari linagusa chini, fundi anamshauri anyanyue kwa matairi. Anatoa 195/65R15, anafunga 205/70R15. Rimu ni ile ile, imeingia, haigusi matopeo, kila mtu ameridhika. Hesabuni kipenyo kipya: asilimia 70 ya 205 ni 143.5, mara mbili ni 287, jumlisha 381, ni 668. Kutoka 634.5 hadi 668 ni ongezeko la asilimia 5.3.

Wiki ya pili anarudi gereji. Gari limeanza kunywa mafuta! Zamani lita 40 zilimpeleka kilomita 480, kilomita 12 kwa lita. Sasa lita 40 zinaishia kilomita 456. Fundi anabadilisha plagi. Anasafisha nozeli. Anabadilisha chujio la hewa. Hesabu haibadiliki. Je, injini ina ugonjwa gani? Haina. Gari limekwenda kilomita zile zile 480, ila kila kilomita sasa inachukua mizunguko pungufu kuliko zamani, na mita ya dashibodi inahesabu mizunguko. Tairi pana na zito linaweza kuongeza ulaji kidogo, sikatai, lakini kabla hujafungua injini, zidisha kilomita za mita kwa 1.053 kwanza. Plagi zile zilikuwa nzima.

Kilomita ni hasara ya fedha. Spidi ni jambo lingine. Mshale wa dereva huyo ukisoma 80, gari linakwenda 84. Hapa atasimama mtu aseme: lakini mita za kiwandani husoma juu kidogo. Ni kweli. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inakataza mita ya gari kusoma chini ya mwendo halisi, na kwa gari dogo inaruhusu kuzidisha hadi asilimia 10 ya mwendo halisi na kilomita 4 juu yake. Kwa mwendo halisi wa 80, mita inaruhusiwa kusoma hadi 92. Kwa hiyo wengine hufunga tairi kubwa na mita ikawa sahihi kuliko ilivyotoka kiwandani. Lakini hiyo ni bahati, na bahati usimwandikie mteja kwenye risiti.

Wenzetu wa Kenya wanalijua hili kwa upande wa gavana, kile kifaa kinachozuia gari kupita spidi iliyowekwa. Februari 2004 zilianza kutekelezwa kanuni ambazo watu wanaziita sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Mikanda ikafungwa, na matatu zikatakiwa kuwa na gavana ya kilomita 80 kwa saa. Gavana inajuaje 80? Inahesabu mapigo yanayotoka kwenye giaboksi au kwenye gurudumu, na aliyeifunga ameiambia mapigo mangapi ni kilomita moja. Ifunge, iweke lakiri, kisha badilisha matairi kwa asilimia 5.3. Lakiri nzima, karatasi nzima, gari linakatiwa kwenye 84. Wala hakuna aliyeichezea.

Na huku Tanzania mabasi ya mikoani yana VTS, mfumo wa kufuatilia mwendo wa gari, ile inayosimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Kifaa kile kinapima mwendo kwa setilaiti, hakihesabu mizunguko. Dereva anaapa dashibodi ilisoma 80, mfumo unasema 84. Nani mwongo? Hakuna mwongo. Mmoja anapima umbali kwa setilaiti, mwingine anapima mizunguko ya tairi lililotolewa zamani. Ukitaka kuwapatanisha bila vifaa, tumia nguzo za kilomita za barabara kuu. Shika spidi isiyobadilika, hesabu sekunde kati ya nguzo mbili, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 45 ni 80. Sekunde 43 ni karibu 84. Fanya kwa nguzo tano au zaidi, kwa sababu nguzo nazo hazikusimikwa na malaika.

Hata usipobadilisha saizi, tairi linabadilika lenyewe. Tairi jipya la gari dogo lina kashata, yaani meno yake ya kukanyagia barabara, za kina cha kama milimita 8. Mpaka wa kulitoa ni 1.6. Limepoteza 6.4 juu na 6.4 chini, kipenyo kimepungua milimita 12.8, asilimia mbili kamili. Tairi kipara huzunguka haraka kuliko jipya kwa spidi ile ile.

Asilimia mbili ni ndogo? Kwa mita, ndogo. Kwa gari linalovuta magurudumu manne muda wote, si ndogo hata kidogo. Mteja amenunua matairi mawili mapya, fundi ameyafunga mbele, nyuma amebakiza yaliyolika. Mzingo wa mbele na wa nyuma umetofautiana milimita 39. Kila kilomita ina mizunguko 517. Zidisheni: mita 20. Katika kila kilomita, ekseli ya nyuma inadai imekwenda mita 20 zaidi ya ile ya mbele, na kuna kitu katikati ya gari kinachotakiwa kuimeza tofauti hiyo bila kupumzika. Kona inaisha, gari linanyooka, difu ya kawaida, ile inayoruhusu gurudumu la ndani na la nje kuzunguka tofauti, inatulia. Hii haiishi. Kifaa cha katikati kinachemka, oili yake inaungua, na siku kinapokufa mteja analaumu gari. Wapo watengenezaji wanaoruhusu tofauti ya milimita sita tu kwenye mzingo. Kwa magari hayo, badilisheni yote manne, au pimeni kwa utepe kabla ya kuchanganya.

Nimetaja kona, niimalize haraka. Gari likikata kona ya nusu kipenyo cha mita 10 kwa spidi ya 20, magurudumu yakiwa mita 1.5 mbalimbali, la ndani linazunguka 159 kwa dakika na la nje 185. Katikati yake ni 172, ile unayoipata kwa hesabu ya kawaida. Difu ipo kwa ajili ya hiyo tofauti. Fundi aliyechomelea difu ya gari la barabarani ili lisikwame matopeni ameyalazimisha matairi yaburuzwe katika kila kona.

Na matopeni kwenyewe, hesabu yetu haifanyi kazi. Gurudumu linachimba, mshale unasoma 40, gari limesimama. Breki zikikamata kabisa ni kinyume chake: mshale sifuri, gari linateleza. Kanuni hii inataka tairi libingirike bila kuteleza. ABS, ule mfumo unaozuia breki zisikamate kabisa, inaishi kwenye tofauti hiyo hiyo: inalinganisha mizunguko ya magurudumu manne, na likionekana moja linapunguza mizunguko ghafla kuliko wenzake, inaliachia breki. Magari mengine hutumia sensa (vihisio) hizo hizo za ABS kukuonya kwamba tairi moja limepungua upepo, kwa kuwa limeanza kuzunguka haraka kidogo kuliko mengine.

Sasa vijana wa bodaboda, msilale. Zamu yenu.

Tuseme mmepima kwa chaki, gurudumu la nyuma la pikipiki yenu lina mzingo wa mita 1.80. Kwenye 60 linazunguka mara 556 kwa dakika. Sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo, ina meno 14, ya nyuma 42. Gawa 42 kwa 14, ni 3. Kwa hiyo sproketi ya mbele inazunguka 1,668. Ndani, kutoka hapo mpaka kwenye injini kwa gia ya juu, tuseme kuna uwiano wa 3.3. Injini inazunguka karibu 5,500. Mmefika kwenye injini kutoka kwenye chaki.

Mtu anakuja, anafunga sproketi ya mbele ya meno 15. Sasa 42 kwa 15 ni 2.8. Kwa 60 ile ile, injini inashuka hadi kama 5,140. Inapumua vizuri barabara ya tambarare. Mpandishe abiria wawili na gunia kwenye mlima, ndipo utakapojua kilichopotea: nguvu ya kuvuta imepungua kwa uwiano ule ule.

Swali: mita ya spidi itadanganya? Fikirini kabla ya kujibu. Inategemea inahesabu wapi. Pikipiki nyingi zina kebo inayotoka kwenye kitovu cha gurudumu la mbele. Hizo, badilisha sproketi utakavyo, mita haijui wala haijali. Lakini ondoa tairi la mbele la 2.75-17 ufunge 3.00-17, kipenyo kinaongezeka milimita kama 13, na mita inaanza kusoma chini kwa asilimia mbili na kitu. Zile zenye sensa kwenye giaboksi ni kinyume: hizo zinaathirika na sproketi. Mteja akija na mita inayodanganya, swali la kwanza ni hilo: inahesabu wapi?

Kwa magari ya Kijapani ya zamani yenye kebo kuna namba inayofaa kuandikwa ukutani gereji: 637. Kwa kiwango chao, kebo ya spidi huzunguka mara 637 kwa kila kilomita. Na mnaikumbuka ile 60 yetu? Kwenye spidi ya 60, kebo inazunguka 637 kwa dakika. Kwa hiyo mita unaweza kuijaribu mezani: izungushe kwa drili ya spidi inayorekebishika, pima mizunguko ya drili, ifikishe 637, mshale usome 60. Ukisoma 60 na barabarani unasoma vingine, mita ni nzima, ubovu uko chini.

Na huko chini mara nyingi ni kile kijino cha plastiki kwenye giaboksi, gia ndogo inayozungusha kebo. Turudi kwenye tairi letu la 517, kwenye gari linalovuta nyuma lenye difu ya 4.1. Propela shafti, ule mhimili mrefu kutoka giaboksi hadi difu, inazunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa gurudumu, yaani 2,120 kwa kilomita. Kebo inataka 637. Gawa: 3.33. Meno 6 yakizungusha meno 20, umeipata. Ukinunua giaboksi ya gari lingine ambalo difu yake au tairi lake ni tofauti, njoo na kijino chako cha zamani, uhesabu meno, usifunge tu kwa kuwa kimeingia.

Jambo la mwisho ni mtikisiko. Mteja anasema gari linatetemeka. Kila gari linatetemeka, baba. Swali ni linatetemeka mara ngapi kwa sekunde.

Kwenye 80 tairi letu linazunguka 689 kwa dakika, sawa na mara 11 na nusu kwa sekunde. Kitu kilichoharibika kwenye gurudumu, balansi, rimu iliyopinda, tairi lenye kinundu, kitapiga mara 11 na nusu kwa sekunde. Huo ni mtikisiko unaouona kwenye usukani. Propela shafti kwa spidi hiyo hiyo inazunguka mara 4.1 zaidi, kama 47 kwa sekunde. Hiyo hauioni ikitikisika, unaisikia ikivuma sakafuni na kwenye kiti. Mtikisiko wa mikono ni gurudumu. Mvumo wa kiti ni shafti. Umepunguza nusu ya kazi kabla ya kuinua jeki.

Na kwa nini tairi lisilo na balansi halisumbui mjini? Gramu 20 tu zikizidi upande mmoja wa rimu ya inchi 15, kwenye 60 zinavuta kwa nguvu ya uzito wa kilo 1.1. Kwenye 120 ni kilo 4.5, mara 17 kila sekunde, zikizungukazunguka. Spidi ikiongezeka mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne. Ndiyo maana kumjaribisha mteja gari kwa kuzunguka mtaa mmoja ni kumdanganya.

Mkitaka kuona hesabu hii ikifikishwa mwisho wake, tazameni gari la Bloodhound lililojaribiwa mwaka 2019 kwenye uwanda mkavu wa Hakskeen Pan, Afrika Kusini. Lilifika kilomita 1,010 kwa saa. Magurudumu yake yalikuwa ya aluminiamu tupu, kipenyo milimita 900. Hapa hakuna mpira wa kubonyea, tumieni pai bila woga: mzingo mita 2.83, mizunguko 99 kwa sekunde, 5,950 kwa dakika. Gurudumu la gari lilizunguka haraka kuliko injini ya ile bodaboda yetu kwenye 60. Kwa mzunguko huo, gramu moja ya chuma ukingoni inavuta kama mzigo wa kilo 17.8. Mpira gani ungekaa?

Upande wa pili, tazameni bajaji. Tairi lake la 4.00-8 lina mzingo wa kama mita 1.25, lori la 12R22.5 lina kama 3.31. Kwa kilomita 100, lori limezunguka mara 30,200, bajaji 80,000. Beringi ya bajaji imefanya kazi mara mbili na nusu na zaidi kwa safari ile ile, tena ikiwa karibu na vumbi na maji. Ratiba ya grisi iliyohesabiwa kwa kilomita za lori haiwezi kuifaa.

Hapo nje kuna Probox, bajaji moja na pikipiki mbili. Chaki zipo mezani, futikamba ni mbili, za mita 30. Gawanyikeni watu sita kwa kila chombo, watatu wasukume, mmoja ahesabu, wawili wapime. Upepo umeshajazwa asubuhi, msiuguse. Probox isukumwe mara mbili, dereva akiwa peke yake, kisha na watu wanne ndani. Andikeni mizingo yote miwili, tutaona imetofautiana kwa kiasi gani. Maswali tutayajibu huko huko.